Mwangwi Una Kwao: Maneno Kabla ya Muziki, Mji wa Kale

Niliombwa kuzungumza kabla ya vijana wanne kupiga muziki wao katika ua wa nyumba moja ya zamani hapa Mji wa Kale, Mombasa. Baadhi ya waliokosa wameniomba niyaandike maneno yale. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikaongeza kidogo pale ambapo usiku ule niliharakisha.

Assalaam aleikum, na masalkheri nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi watoto mliojaa kwenye ngazi, ahsanteni kwa kuja. Vijana nao nawashukuru kwa kunipa nafasi hii kabla hawajaanza. Mimi ni fundi wa amplifaya. Kabla ya ufundi nilikuwa mpiga gitaa. Kazi hizo mbili ndizo zilizonisimamisha mbele yenu.

Wiki iliyopita walikuwa wakifanya mazoezi papa hapa uani. Bi mmoja jirani yetu alifungua dirisha la juu, akategea sikio kitambo kirefu, kisha akauliza, "Wanangu, mbona mwapiga kama mulolala?" Kijana wa dramu aliona haya. Mimi nilifurahi, kwa sababu yule bibi, bila kuambiwa na mtu, alikuwa amelitaja jina la muziki wenyewe. Huko ulikozaliwa wanauita popu ya ndoto, "dream pop" kwa Kiingereza. Jina hilo hunasibishwa na Alex Ayuli wa kundi la A.R. Kane la London, mwishoni mwa miaka ya 1980, ingawa sauti yenyewe ilikuwa imeanza kabla. Kundi linalotajwa mno ni Cocteau Twins, lililoundwa 1979 mjini Grangemouth, Scotland. Grangemouth ni mji wa bandari, na hadi mwaka 2025 ulikuwa na kiwanda cha kusafishia mafuta. Mtu wa Mombasa aliyewahi kupita Changamwe usiku, akaona zile taa na mabomba, hahitaji kuelezwa kwa nini watoto wa mji kama ule walitaka muziki wa kuota.

Lakini vijana wetu hawakuchukua ndoto peke yake. Wameichanganya na gitaa la namna nyingine, lile linalolia kwa waya mzito, sauti inayopinda mwishoni na kutetemeka kabla ya kuzimika. Mnaijua hata kama hamjui mnaijua. Ni ile ya kauboi anayeingia mjini peke yake na mlango unabembea nyuma yake. Juu ya gitaa hilo ndipo nataka kukaa.

Nianze na kitu nilichokishika kwa mikono yangu. Kiasi cha miezi mitatu nyuma, mpiga gitaa wao aliniletea amplifaya, uso umemsawijika kama aliyefiwa. Sauti ilikuwa ikitoka vizuri, ila mwangwi ulikuwa umekufa. Nikaifungua. Chini kabisa ya kasha mna kisanduku cha bati, urefu wake kama mkono mmoja, na ndani yake zimening'inizwa springi nyembamba kama ile ya ndani ya kalamu. Mlio wa gitaa unafika ukiwa umeme. Sumaku ndogo inaisokota springi upande mmoja, msokoto unasafiri hadi mwisho, unagonga, unarudi, unakwenda tena, na kule upande wa pili koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa, inaudaka na kuugeuza umeme mara nyingine. Safari moja ni milisekunde 30 au 40. Zinarudiwa nyingi, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia, mpaka sikio linadhani gitaa limepigwa ndani ya ukumbi mkubwa.

Kifaa hicho hakikuzaliwa kwenye muziki. Mainjinia wa simu wa Bell Labs kule Marekani walitumia springi kuiga namna sauti inavyochelewa katika waya mrefu wa simu. Laurens Hammond, aliyekuwa akitengeneza vinanda vya umeme, ndiye aliyekichukua. Watu walikuwa wakinunua kinanda chenye sauti ya kanisani, wakakiweka sebuleni katikati ya mazulia na mapazia, sauti ikafa papo hapo. Hammond akawatilia kanisa ndani ya sanduku. Baadaye Leo Fender wa California akauza kisanduku cha mwangwi kwa wapiga gitaa mwaka 1961, na 1963 akaanza kukitia ndani ya amplifaya yenyewe.

Cha kijana wetu kilikuwa kimeuawa na bahari. Kile kiuzi cha shaba kinachotoka kwenye koili, chembamba kama unywele, kilikuwa kimeliwa na chumvi. Nyote mnaijua chumvi yetu. Inakula bawaba, inakula mabati, inakula nyuzi za gitaa hata zikawa nyeusi kabla hujazizoea. Nilikikwangua kwa ncha ya wembe hadi shaba ikang'aa, nikatia tone moja la risasi, nikalipuliza likapoa. Kisha nikaiwasha amplifaya na kukigonga kisanduku kwa kidole. Ikatoka ngurumo, mfano wa radi iliyofungiwa ndani ya sufuria. Mtoto wa jirani aliyekuwa mlangoni alitoka mbio. Baadaye alirudi akaniomba nigonge tena.

Nawasimulia haya kwa sababu watu wengi husikia mwangwi wakadhani ni pambo, kama poda. Mimi nimekaa nao miaka mingi na naamini ni habari za mahali. Sikio likisikia sauti inarudi, linapima kuta: ziko mbali, ziko karibu, ni za mawe, ni za mbao. Ukuta ukiwa umbali wa mita 17 au zaidi, ukipiga kofi utausikia mlio wa pili peke yake. Kuta zikikaribia, milio inajazana na kuwa kama moshi. Kwa hiyo kila gitaa lenye mwangwi linakwambia, kabla halijasema jingine, limepigiwa wapi.

Mwaka 1958 kijana mmoja wa Marekani, Duane Eddy, alirekodi wimbo wa gitaa mjini Phoenix, Arizona, uitwao "Rebel Rouser". Aliupiga kwenye nyuzi nene za chini, wakati wenzake wengi walikuwa wakikimbilia zile nyembamba. Studio haikuwa na chumba cha mwangwi. Mtayarishaji wake, Lee Hazlewood, akatafuta tangi kubwa la maji la chuma, lililokuwa tupu. Spika ikawekwa upande mmoja, maikrofoni upande wa pili, gitaa likalia ndani ya tangi. Ndiyo sauti ile ambayo dunia nzima tangu hapo imeisikia ikaona jangwa. Eddy alifariki mwaka 2024, na hadi leo mtu akitaka kutoa picha ya barabara ndefu isiyo na watu, anarudi kwenye tangi lile.

Niliwahi kuwasimulia vijana hawa kisa hicho tukiwa barazani, na kahawa. Sikujua kama wananisikiliza. Wiki mbili baadaye wakaja kunichukua, wakanipeleka Majengo, nyuma ya nyumba ya shangazi wa mmoja wao. Pale pana tangi la zege. Maji yalikuwa hayajatoka mtaani siku nyingi, tangi limekauka, na shangazi amechoka kulitazama. Wakashusha spika kwa kamba ya mashua. Maikrofoni wakaitundika kwenye ufito. Binti aliyeshika gitaa akakaa nje chini ya mwarobaini, akapiga noti moja tu, uzi wa sita, taratibu.

Ndugu zangu, mimi nimesikia mwangwi mwingi. Ule wa Majengo ulikuwa mzito, una ubaridi wa zege na kama unyevunyevu hivi, na ndani yake, kwa mbali, ulisikika mwito wa muuza madafu aliyekuwa akipita njiani. Wakauacha. Niliwaambia wakitaka warudie, wakakataa, na naona walifanya vyema. Siku hizi mwangwi wa kanisa lolote la Ulaya unapatikana ndani ya programu ya simu, unauchagua kwa kidole. Wao wangeweza kuuchagua. Wameshuka ndani ya tangi la shangazi. Mtakaposikia wimbo wa pili usiku huu, ule ulio nyuma ya gitaa ni mwangwi wa Majengo, wameuhifadhi na watauchezesha pamoja na wanavyopiga.

Sasa liko swali nililoulizwa na mzee mmoja ninayemheshimu, na ni swali la haki. Aliniuliza: hizi si sauti za watu? Sisi tuna taarab yetu, tuna udi, kwa nini watoto wetu waote ndoto za Wazungu?

Mzee wangu yuko hapa, naomba nimjibu mbele ya watu kwa adabu. Gitaa hili la kupinda na kutetemeka lina baba wengi, na mmoja wao ni jamaa yetu. Dick Dale, yule aliyeitwa mfalme wa gitaa la mawimbi, muziki wa vijana wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari kule California, baba yake alikuwa Mlebanoni. Jina lake la kuzaliwa ni Richard Monsour. Mjomba wake alikuwa mpiga udi, na kijana alijifunza kwake namna ya kuupiga uzi mmoja haraka haraka, juu na chini, hadi noti moja ikawa kama kamba isiyokatika. Mwaka 1962 akatoa "Misirlou" kwa gitaa la umeme, na mwangwi wa springi ukaja kuwa ndio alama ya muziki ule wote. Wimbo wenyewe ni wa zamani zaidi yake, wa upande wa mashariki wa Bahari ya Kati, Wagiriki wanaujua, Waturuki wanaujua, Waarabu wanaujua. Na jina hilo maana yake ni mwanamke wa Misri. Haihitaji kamusi hapa Mombasa.

Udi ulioingia California kwa mjomba wa Dick Dale, kwetu uliingia kwa majahazi. Tulikuwa naye hapa Zein l'Abdin, mtoto wa Lamu aliyefanya Mombasa kuwa kwao, mpaka alipofariki mwaka 2016. Waliobahatika kumsikia karibu watakumbuka jambo moja: alikuwa haogopi kuiachia noti. Aliipiga, akaiacha itembee, mkono umetulia, na watu wameshusha pumzi. Udi hauna springi wala umeme, una tumbo la mbao tu, lakini kule kusubiri ni kule kule mtakakokuona leo kwa binti huyu.

Na huu mlio wa waya wenyewe, nani amesema ni mgeni? Mama zangu mliooza mabinti Mombasa hii miaka ile, mnaikumbuka taishokoto. Ni chombo cha Kijapani, kilibuniwa Nagoya mwaka 1912, kina vibonyezo kama vya mashine ya chapa, mkono mmoja unabonyeza, mwingine unapiga nyuzi za chuma. Watu wa Mombasa walikichukua wakakitia umeme, kikawa sauti ya harusi zetu. Msikilizeni Zuhura Swaleh. Nyuma ya sauti yake ule waya unalia, unauma meno kidogo, unatetemeka na kupinda. Siku niliposikia gitaa la Duane Eddy kwa mara ya kwanza, mimi nilidhani ni taishokoto iliyougua mafua. Hiyo ndiyo njia niliyoingilia, na sioni haya kuisema.

Kuhusu sinema nitasema machache, maana wapenzi wa filamu mko wengi na mnaijua historia hiyo kunishinda. Tulikuwa na Naaz, tulikuwa na Regal, tulikuwa na Majestic. Tulikwenda filamu za Kihindi tukatoka tunaimba. Marehemu Juma Bhalo alizichukua sauti zile akazitilia mashairi ya Kiswahili, na watu waliokuwa hawajui neno la Kihindi wakalia kwa uchungu wao wenyewe. Zilikuja pia za kauboi za Waitaliano, zilizopigwa majangwani Uhispania, na muziki wa Ennio Morricone, gitaa la umeme na mluzi. Nilikuwa nikifumba macho. Nilitaka kujua kama gitaa peke yake litanionyesha farasi, na lilinionyesha.

Mtu aliyeunganisha vitu hivi viwili, ndoto na waya, ni Angelo Badalamenti. Mwaka 1989 alimtungia mwimbaji Julee Cruise albamu ya sauti nyembamba inayoelea, na mwaka uliofuata gitaa lake zito la polepole likafungua tamthilia ya televisheni iitwayo Twin Peaks. Wote wawili walifariki mwaka 2022. Baada ya kazi yao hiyo, hapo katikati ya miaka ya 1990, Hope Sandoval na David Roback wa kundi la Mazzy Star, California, wakaufikisha wimbo wao wa "Fade into You" hadi kwenye redio za watu wasiojua majina yote haya. Nilikuwa nikiusikia usiku, redio iko chini kabisa ili nisimwamshe mtu.

Hapo nisimame kidogo, maana kuna jambo tulilogombania mimi na vijana hawa, na bado sijaridhika nalo kabisa.

Katika muziki huu, sauti ya mwimbaji huzamishwa. Elizabeth Fraser wa Cocteau Twins aliimba mara nyingi sauti tupu, maneno hayashikiki, na ni uzuri mkubwa, siukatai. Lakini hapa ni Mvita. Hapa ni mji wa Muyaka bin Haji. Watu wetu huja kusikiliza shairi. Mtu anaweza kusamehe udi usiolinganishwa nyuzi vizuri, hasamehi kina kilichovunjika. Mwanzoni vijana walikuwa wakimfunika mwimbaji kwa mwangwi mpaka Kiswahili chenyewe kikawa ukungu. Niliwaambia: wanangu, huyo binti ameandika beti zenye mizani 16, nane kwa nane, kisha mnazitia ndani ya pango nisisikie hata moja? Wakaniambia, mzee, hiyo ndiyo ndoto yenyewe. Nikawaambia ndoto za huku zina maneno. Tulikwenda hivyo siku tatu.

Aliyetuamua ni binti mwenyewe. Alimwambia fundi wa mitambo auache ubeti ukavu, bila mwangwi hata chembe, kama mtu anayekunong'oneza sikioni, kisha mwisho wa kila mstari, pale kwenye kina, aufungue mlango. Sikilizeni mistari hii miwili, ameniruhusu:

*Kusi lavuma usiku, mashua hazijarudi,*
*Nimekaa na shauku, nalinda yako ahadi.*

Ile "di" ya mwisho ndiyo anayoiachia. Inatoka kinywani mwake, inaingia kwenye springi, gitaa linaipokea kwa noti ile ile na kuipinda kuishusha chini, na kwa sekunde kadhaa hujui kama unasikia mtu au waya. Nimelisikia jambo hilo mara nyingi sasa na kila mara mwili unanisisimka. Nyimbo nyingine mbili bado nazidai maneno yake, nao wanajua.

Na iko sababu ya mimi kung'ang'ania haya kiasi hiki. Miaka ya 1980 nilipiga gitaa katika bendi za mahoteli ya pwani, kaskazini na kusini. Kazi ilikuwa nzuri, tulilipwa, tulikula. Usiku mmoja, wageni walikuwa wachache na mvua inanyesha, nikaanza wimbo wa polepole, wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeutunga kivukoni Likoni, nikitazama taa za meli. Sikufika hata ubeti wa pili. Meneja alikuja mbele ya jukwaa akatuzungushia kidole hewani: haraka, haraka, watu wacheze. Nikaukata nikaingia wimbo mwingine. Sikuupiga tena hoteli ile wala nyingine. Baada ya miaka nimejikuta naukumbuka mwanzo tu, noti saba, zilizobaki zimepotea.

Vijana hawa wanazijua zile noti saba. Waliniomba niwapigie, nikawapigia kwenye gitaa la bila umeme, hapo kwenye kibaraza. Sikujua watafanya nazo nini. Nimeambiwa leo jioni kwamba ndizo zitakazofungua.

Kwa hiyo naomba mambo mawili na nitaketi. La kwanza, taa. Tunazizima zote isipokuwa ile karabai pale kisimani, kwa hivyo wenye watoto wadogo wawashike mkono. Simu pia, tafadhalini, mwanga wake ni mkali kuliko mnavyodhani.

La pili ni makofi. Noti ya mwisho ya kila wimbo haiishi pale mkono unapotoka kwenye uzi. Inakwenda kwenye springi, inatoka, inagonga ukuta huu wa matumbawe, inapanda hadi kwa bibi yetu pale dirishani. Ni kama sekunde nne au tano. Mkipiga makofi mapema mtaifunika. Mtazameni binti: mkono wake wa kulia utakuwa umelalia nyuzi bila kuzibana. Atakapozibana, ndipo.

Haya, mwanangu, karibu. Zimeni taa.